"Huogopi maiti?" Kinachowadhuru kweli wafanyakazi wa maabara za patholojia

Ukishasema tu kwamba unafanya kazi patholojia, swali la kwanza halibadiliki: "Huogopi maiti?" Nimeulizwa harusini, nimeulizwa kwenye basi, nimeulizwa na mama yangu mzazi. Tangu 2020, UVIKO-19 ilipofanya kila mtu azungumzie virusi "vilivyovuja maabara", limeongezeka swali la pili: "Hamtatuletea ugonjwa nyumbani?" Yote mawili yanastahili jibu la kweli, maana anayeuliza mara nyingi ni mke, mume au mzazi wa mtu anayeingia humo kila asubuhi. Na jibu lenyewe huwashangaza wengi. Maiti hawapo juu kwenye orodha ya vitu vinavyotudhuru.

Tuanze na jina. Patholojia ni tawi la tiba linalotafuta ugonjwa ndani ya tishu, seli na majimaji ya mwili. Uvimbe ukitolewa kwenye titi, au kipande kikachunwa kwenye shingo ya kizazi, ni patholojia inayosema kama ni saratani au la. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yetu ni ya watu walio hai, wanaosubiri majibu. Uchunguzi wa maiti upo, lakini ni chumba kimoja katika nyumba yenye vyumba vingi.

Kipande kikifika kinalowekwa kwenye formalini kisioze. Kinakatwa vipande vidogo, kinatolewa maji kwa alkoholi, kinapitishwa kwenye zailini, kimiminika kinachoondoa alkoholi ili nta iweze kuingia, kinajazwa nta ya moto. Nta ikiganda, kinakatwa kwa mashine iitwayo mikrotomu kuwa tabaka za mikroni 3 hadi 5, wakati unywele wa mtu una kama mikroni 70. Tabaka hizo zinatiwa rangi, ndipo daktari anaziangalia kwenye hadubini. Katika safari hiyo yote kuna kemikali, wembe, moto, damu na mgongo uliopinda.

Kuna maneno mawili yanayochanganywa sana: hatari, na uwezekano wa kudhurika. Fikiria visima viwili vyenye kina kimoja. Kimoja kina ukingo na mfuniko, cha pili kiko wazi kando ya njia. Ukitumbukia, vyote vinaua. Lakini uwezekano wa kutumbukia haufanani hata kidogo. Usalama kazini ni kazi ya kujenga kingo na mifuniko. Hatuwezi kuondoa damu maabara, ila tunaweza kuamua damu hiyo itapita wapi. Ndiyo maana swali la maana kuliko "kuna nini humo?" ni "kinaingilia wapi?" Pua, jicho, mdomo, ngozi iliyokatika, ngozi nzima: kila mlango una kinga yake, na kinga ya mlango mmoja haifungi mwingine. Makosa mengi niliyoyaona yametokana na mtu kufunga mlango ambao hatari haipiti.

Ndoo inapofunguliwa

Simama mezani kwangu asubuhi. Kuna ndoo nyeupe yenye mfuko wa uzazi uliotolewa jana. Ukifungua mfuniko, kabla hujaona kitu, macho yanawasha, pua inachoma kule juu karibu na paji la uso, koo linakauka. Dakika kumi na tano baadaye husikii tena kitu. Mgeni akiingia anarudi nyuma ameziba pua, wewe unamwuliza kwani kuna nini.

Hapo ndipo inapozaliwa kauli ambayo ningependa isitamkwe tena katika maabara yoyote: "Mimi nimeshaizoea." Kilichozoea ni pua. Neva za kunusa huchoka na kuacha kutoa taarifa, lakini gesi iko palepale, na utando wa pua na koo unaendelea kuipokea. Harufu basi si kipimo. Kipimo ni kifaa kinachopima hewa, kikiwekwa karibu na pua ya anayekata, wala si kwenye kona ya chumba ambako hakuna mtu.

Majina nayo yanachanganya. Formaldehaidi ni gesi. Formalini ni maji yaliyoyeyushiwa gesi hiyo, na inapotoka kiwandani huwa na asilimia 37 hadi 40 yake. Maabara tunachanganya sehemu moja ya formalini kwa sehemu tisa za maji, halafu tunaiita "formalini ya asilimia 10", ingawa ndani mna kama asilimia 4 tu ya formaldehaidi. Mtu akisikia 4 anapumua. Asipumue bado, kwa sababu kinachohesabiwa hewani ni sehemu kwa milioni. Sheria ya Marekani inaweka kikomo cha wastani wa 0.75 kwa milioni katika zamu ya saa 8, na 2 kwa milioni kwa dakika 15. Umoja wa Ulaya umeshuka hadi 0.3 na 0.6. Ili upate picha, sehemu moja kwa milioni ni kama sekunde moja ndani ya siku 11 na nusu. Kwa kiasi kidogo namna hiyo, beseni moja lililoachwa wazi kwenye chumba kisicho na mvuto wa hewa si jambo la kupuuza.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka formaldehaidi katika Kundi la 1: linasababisha saratani kwa binadamu, hasa ile ya sehemu ya juu ya koo nyuma ya pua, na pia saratani ya damu. Wapo wanaosoma hilo wakahitimisha kwamba kila anayeigusa atapata saratani. Sivyo. Makundi ya IARC yanaeleza ushahidi una uhakika kiasi gani, hayaelezi kitu kina ukali kiasi gani. Miale ya jua imo katika kundi hilohilo la 1, na pombe imo. Kiasi unachovuta na miaka unayokivuta ndivyo vinavyoamua. Ila wenye kupuuza nao wasijifiche hapo: tunajua inasababisha saratani, na tunajua jinsi ya kupunguza kiasi. Kutopunguza ni uamuzi wa mtu.

Sasa barakoa. Ile ya kitambaa au ya upasuaji iliyofungwa masikioni haizuii mvuke wa formalini. N95, ile barakoa nene inayobana uso, nayo haizuii, ingawa ni bora sana kwa kifua kikuu. Zote hunasa chembe, na gesi si chembe. Chandarua kinazuia mbu, hakizuii moshi. Anayehitaji kuvaa kitu dhidi ya formalini, kwa mfano anayesafisha iliyomwagika kwa wingi, anahitaji kinyago chenye chujio la kemikali lililotengenezwa kwa formaldehaidi, na chujio hilo lina muda wake wa kubadilishwa.

Makabati matatu yanayofanana

Kosa hilohilo la chandarua na moshi linajirudia kwa ukubwa zaidi kwenye makabati ya kioo unayoyaona kwenye picha za maabara. Kwa mbali yanafanana. La kwanza ni kabati la kuvuta mvuke: linanyonya hewa kutoka upande wako na kuitoa nje ya jengo, na ndilo la formalini na zailini. La pili ni kabati la usalama wa kibiolojia, lenye machujio yanayonasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Hilo ni la viini. Aina yake iliyozoeleka huichuja hewa, ikazungusha sehemu kubwa ndani ya kabati na kurudisha iliyobaki chumbani, kwa hiyo ukiweka beseni la formalini humo, viini vitabaki kwenye chujio na mvuke utapita na kukurudia. La tatu ndilo linalonitia hofu zaidi: meza ya hewa safi, inayopuliza hewa iliyochujwa juu ya sampuli kisha moja kwa moja usoni mwako. Imetengenezwa kulinda sampuli. Ukifungulia hapo sampuli ya kifua kikuu, feni inakuletea.

Nimewahi kuona kabati la aina ya pili limenunuliwa kwa fedha nyingi, likafungwa mahali pa kukatia vipande vya formalini, na watu wakakata humo kwa moyo mweupe wakiamini wamelindwa. Macho yao yalikuwa mekundu kila jioni. Aliyenunua hakuwa na nia mbaya, ila hakuuliza hatari inaingilia wapi.

Zailini niipitie haraka. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu na zaidi, kwa hiyo hutambaa mezani na kushuka sakafuni, na feni ya darini haiufikii. Huleta kichwa kuuma na kizunguzungu, na hushika moto kwa urahisi. Hupenya glovu nyembamba za nitraili ndani ya dakika chache bila glovu kuonekana imechanika. Kemikali za kusafisha nazo zisichanganywe kwa kubahatisha: klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu, na formalini iliyomwagika haisafishwi kwa klorini.

"Formalini imeshaua kila kitu"

Hii nayo nimeisikia kwa watu wenye uzoefu mrefu. Ina ukweli, lakini nusu. Formalini huua bakteria na virusi karibu vyote ikishawafikia. Tatizo ni kufika. Hupenya tishu kwa kadiri ya milimita moja kwa saa, na hupungua kasi kadiri inavyoingia ndani. Kipande kidogo cha tumbo kinaiva usiku mmoja. Bandama zima lililotupwa kwenye ndoo jana jioni, ukilipasua asubuhi, utaona ukingo wa kahawia uliokakamaa, kisha katikati nyekundu, laini, inayotoa damu. Hapo katikati formalini haijafika. Ndiyo maana kiungo kikubwa hukatwa kwanza kuruhusu dawa iingie, na formalini yenyewe iwe mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tishu. Na prioni, zile protini zinazosababisha ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, formalini haiziui kabisa. Tishu hizo hutibiwa kwa asidi ya fomiki iliyo kali kabla ya kukatwa.

Kisha kuna kazi isiyopitia formalini hata kidogo. Mgonjwa yuko mezani amefunguliwa, daktari wa upasuaji anataka kujua sasa hivi kama uvimbe ni saratani. Kipande kinagandishwa kwenye kriostati, mashine yenye baridi ya kama nyuzi 20 chini ya sifuri na wembe ndani yake, na jibu linatakiwa ndani ya dakika 20 hivi. Watu hudhani baridi inaua viini. Baridi inavihifadhi, maabara zinazotunza bakteria kwa miaka huvitunza kwenye friji za baridi kali zaidi. Kila tabaka likikatwa, vumbi la tishu mbichi hubaki ndani ya mashine, na ukipuliza kwa kopo la gesi ya kugandisha unalirusha hewani.

Vumbi na vitone visivyoonekana ndiyo sehemu ambayo hadithi za ajali hazifikishi. Mwaka 1976 mtafiti wa Marekani Robert Pike alikusanya visa 3,921 vya watu walioambukizwa maabara. Visa vilivyohusishwa na ajali inayojulikana, yaani kujichoma, kumwagikiwa, kuvunjikiwa na chupa, havikufika asilimia 20. Wengine hawakukumbuka tukio lolote. Walikuwa kazini tu. Kufungua kizibo kwa nguvu, kutikisa chupa, kupasua mfupa kwa msumeno wa umeme, kufungua sentrifuji, mashine inayozungusha mirija ya sampuli kwa kasi, mara tu mrija umepasukia ndani badala ya kusubiri nusu saa vitone vitulie: vyote hurusha kitu ambacho jicho halioni. Tukisema maabara "imevuja", watu huwaza ukuta uliotoboka. Mara nyingi zaidi ni kizibo.

Ncha na wembe

Waulize watu mtu aliyejichoma na sindano yenye damu anaogopa nini, wengi watajibu VVU. Kwa sindano iliyotoka kwa mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 katika kila 1,000. Kwa homa ya ini B, kama hujachanjwa, ni 6 hadi 30 katika kila 100. Virusi hivyo huishi kwenye damu iliyokauka mezani kwa siku 7 au zaidi. Na chanjo ipo: dozi tatu, kwa kawaida ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza, kisha kipimo cha damu mwezi mmoja au miwili baadaye kuhakikisha kinga imejengeka, maana kuna miili isiyoitikia. Kinachotisha watu kwa sauti kubwa si lazima kiwe ndicho kinachowapata.

Niliwahi kujikata kidole kwenye kriostati nikikata tezi ya shingoni ya mgonjwa ambaye sikujua hali yake. Nilinawa, nikafunga plasta, nikavaa glovu mpya, nikaendelea. Tulikuwa wawili tu siku hiyo na chumba cha upasuaji kilikuwa kinapiga simu. Nilikwenda kuripoti kesho yake mchana, usingizi ukiwa umenigomea usiku kucha. Muuguzi aliniuliza kwa upole kwa nini nimechelewa, na sikuwa na jibu zaidi ya aibu. Dawa za kuzuia VVU baada ya kujichoma, zinazojulikana kama PEP, hunywewa kwa siku 28, na zinatakiwa kuanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Kila saa niliyokaa kimya ilikuwa inatoka kwenye hesabu hiyo.

Basi utaratibu ni huu: nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, usiminye kidonda, usimwagie klorini, kisha ripoti palepale. Jicho likimwagikiwa, lioshe kwa maji dakika 15 bila kukatisha. Kabla ya yote hayo, sindano isirudishiwe kifuniko chake, wembe wa mikrotomu ufunikwe, gurudumu la kuizungushia lifungwe kabla mkono haujaingia, na anayefanya uchunguzi wa maiti avae glovu ya nyuzi ngumu kati ya glovu mbili za kawaida.

Kidonda kidogo cha namna hii ndicho kilichobadilisha tiba. Mwaka 1847, Vienna, Profesa Jakob Kolletschka alichomwa kidoleni na kisu cha mwanafunzi wakati wa uchunguzi wa maiti, akafa. Rafiki yake Ignaz Semmelweis aliposoma ripoti ya uchunguzi wa mwili wake, akaona dalili zilezile za wanawake waliokuwa wakifa kwa homa ya uzazi wodini, ambako madaktari walifika wakitokea chumba cha maiti. Mwaka huohuo akaagiza kila mtu anawe mikono kwa maji yenye klorini, na vifo vya wazazi vikashuka sana.

Na mikono ndiyo jibu la lile swali la pili, la kuleta ugonjwa nyumbani. Glovu hulinda mkono wako. Hazilindi kitasa, kalamu wala simu unayoipokea ukiwa umezivaa. Anayepeleka ugonjwa nyumbani si yule anayekata tishu, ni yule anayetoka na koti la maabara hadi sehemu ya kulia chakula, au aliyejibu ujumbe wa simu katikati ya kazi akaiweka simu mfukoni. Glovu zinavuliwa, mikono inanawiwa, koti linabaki, simu haiingii.

Mwavuli ndani ya nyumba

Nyumba ikivuja, unaweza kuziba paa, unaweza kusogeza kitanda, na unaweza kumpa kila mtu mwavuli alale nao. Vifaa vya kuvaa ni mwavuli. Vina nafasi yake, ila vimekuwa jibu la kwanza mahali pengi kwa sababu ni rahisi kununua na ni rahisi kumlaumu asiyevaa. Kuziba paa ni kununua vyombo vilivyokwisha kujazwa formalini badala ya kuimimina kwa mkono, kutumia mbadala wa zailini, kuweka meza inayovuta hewa kuelekea chini kabla haijafika puani, kupanga watu wa kutosha ili asiwepo anayekata kwa haraka. Kiti kinachorekebishika kwa anayezungusha mikrotomu siku nzima ni sehemu ya paa hilohilo, maana kifundo cha mkono na shingo huumia polepole bila kutoa damu.

Hili si ombi la hisani. Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani, ILO, liliingiza mazingira salama na yenye afya katika haki za msingi za kazi, na Juni 2025 likapitisha mkataba wa kwanza wa kimataifa unaohusu hatari za kibiolojia kazini, namba 192. Mkataba wake wa 1981, namba 155, tayari unamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali anapoamini kwa sababu za msingi kwamba maisha yake yako hatarini.

Kuna mtu mmoja ambaye sijamtaja bado. Anaingia jioni, sisi tukiwa tumevua makoti. Anabeba mifuko ya taka, anapiga deki sakafu ambako zailini imetambaa mchana kutwa, anamwaga ndoo. Mara nyingi ameajiriwa na kampuni nyingine, kwa hiyo jina lake halimo kwenye orodha yetu ya chanjo ya homa ya ini B, na hakuna aliyemwambia kifuniko chekundu kina maana gani. Sindano niliyoisahau kwenye mfuko laini itampata pajani anapoubeba. Hajui ilikuwa ya mgonjwa gani, wala hajui kwamba ana saa 72.